Tupeane uzoefu: picha za matembezi ya sikukuu, Arusha na Moshi. Kuziokoa, kuzitambua, kuziweka

Binti wa Sanawari: Wadau, kuna albamu ya familia imeshuka kutoka juu ya kabati. Ni zile albamu za miaka ya 1990, kurasa zina gundi na sandarusi ya kufunika. Matembezi yote yamo: watoto juu ya ngamia pale Meserani, kreta ya Ngurdoto, Mnara wa Mwenge siku ya Idd Pili, maporomoko ya Kinukamori, chemchemi ya Chemka. Maswali matatu. Picha zimeganda kwenye kurasa, zinatolewaje? Zinaskaniwaje bila kupeleka studio? La tatu ni la ubishi wa nyumbani: picha moja inaonyesha familia mbele ya gari, nyuma mlima una kilele kilichochongoka kushoto na kichwa cheupe kulia. Bibi anasema ni njia ya Marangu. Namba ya gari imeishia na kitu kama "ST", hatujawahi kuona namba ya hivyo. Wenye uzoefu, karibuni.

Fundi Picha Kaloleni: Usivute! Naanza na hilo kabla hujashika ukurasa wa kwanza. Gundi ya albamu zile hukauka ikawa kama saruji, na ukivuta picha inajikunja, tabaka la dawa, lile lililobeba picha yenyewe, linapasuka. Mistari ile ya mpasuko haitoki tena.

Chukua uzi wa kusafishia meno usio na ladha, au uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia. Upitishe chini ya kona ya picha, halafu uusogeze kama unakata kwa msumeno, kushoto kulia, ukiulaza sambamba na ukurasa. Picha moja inaweza kuchukua dakika tano. Ikigoma, pasha mgongo wa ukurasa kwa mashine ya kukaushia nywele, moto wa chini kabisa, uiweke mbali kiasi na uisogeze muda wote, sekunde 20 hivi. Uzi ukigoma hata baada ya hapo, iache hapohapo. Funua sandarusi tu, piga picha ukurasa mzima.

Ngarenaro B: Naunga mkono. Uzi wa meno ndio wenyewe.

Mama Rundugai: Chemka iko Hai, mkoa wa Kilimanjaro. Kichwa cha mada hii kimeandika Arusha kwanza, basi ieleweke. Watu wa Arusha huja Jumapili na mabasi wakaondoka wakisema ni kwao.

Ngarenaro B: Mama, hakuna aliyeibeba. Ila picha nyingi za Chemka ziko kwenye albamu za Arusha, hilo huwezi kulikataa.

Mama Rundugai: Sikatai. Nyuma yake iandikwe Hai.

Skani Kwanza: Vipimo. Picha ya kawaida ya 4R, yaani sentimita 10 kwa 15, skani kwa dpi 600 (nukta kwa kila inchi). Unapata pikseli 3600 kwa 2400, inatosha kuichapa mara mbili ya ukubwa wake. Ndogo za pasipoti weka 1200. Negativu za mkanda wa milimita 35 zinataka 2400 hadi 3200, kwa sababu fremu yenyewe ni milimita 24 kwa 36 tu. Kopi ya kutunza iwe TIFF (picha moja ya 4R ni kama MB 26), ya kutumiana iwe JPEG. Na wanaotuma WhatsApp, tuma kama faili, si kama picha. Ukituma kama picha inabanwa, na shangazi wa Boma Ng'ombe ataipokea imeshapoteza kope za watu.

Huna skana? Simu inafanya kazi, lakini si kwa kuinamia picha mezani chini ya taa ya dari. Kaa barazani kivulini, jua lisiguse picha. Weka picha bapa juu ya kitambaa cheusi. Simama juu kidogo na utumie zumu ya mara mbili, maana ukisogea karibu sana kingo zinapinda kama beseni. Zima flashi. Picha ikiwa inang'aa, shikilia kanga nyeusi au koti jeusi upande mwangaza unakotokea. Programu ya PhotoScan ya Google nayo inapunguza mng'ao, inakutaka usogeze simu kwenye vidoti vinne kisha inaunganisha.

Mzee wa Pasua: Kabla ya kuskani, futeni vumbi kwa brashi laini ya kujipodolea, mpya. Si kitambaa cha meza, si pumzi ya mdomo. Mate yakigusa dawa yanaacha doa la kudumu.

Binti wa Sanawari: Shikamoo mzee. Zikiwa zimeshapata unyevu je? Kurasa mbili za mwisho zimegandana zenyewe kwa zenyewe, sura kwa sura.

Mzee wa Pasua: Marahaba binti. Hapo ngoja wa studio aje. Ni kazi nyingine kabisa.

Stoo Iliyovuja: Swali hilo limenifanya niandike. Mwaka huu masika bati la stoo moja hapa Moshi lilivuja juu ya sanduku la mbao, na ndani kulikuwa na albamu ya picha 72. Iligunduliwa baada ya wiki kadhaa. Naeleza hatua kwa hatua ili mtu mwingine asiyarudie.

Kosa la kwanza: picha 11 za juu zilivutwa zikiwa zimekauka. Sura zilibaki zimebandika mgongoni mwa picha ya jirani. Babu amebaki koti bila kichwa.

Hapo kazi ikasimama, zilizobaki 61 zikachambuliwa kwa kundi. Tisa zilikuwa na ukungu hai, ule wenye manyoya unaoacha rangi kidoleni. Hizo haziguswi na maji hata tone, maana ukungu ukishakula tabaka la dawa, lile tabaka linayeyuka kama sukari. Zilipigwa picha kwa simu jinsi zilivyo, zikakaushwa peke yake kivulini penye upepo, na ukungu ulipokuwa unga mkavu ukafagiliwa kwa brashi nje ya nyumba, mtu kaziba pua na mdomo.

Zilizobaki 52 zikaloweshwa. Beseni bapa, maji yaliyochemshwa, yakachujwa, yakapozwa hadi yawe baridi kweli. Joto la Moshi si la mchezo: maji ya vuguvugu hulainisha dawa hadi iteleze. Rundo moja likae dakika 20 hadi 30, kisha jaribu kona kwa kidole. Isipoachia, ongeza dakika 10, badilisha maji yakichafuka. Kamwe usitie kisu. Zikiachana, zilazwe sura juu kwenye kitambaa cha pamba kisicho na nyuzinyuzi, kivulini. Si kwenye gazeti, wino unahamia. Si juani, picha inajikunja kama ganda la mgomba. Zikishakauka kabisa, ziwekwe kati ya karatasi nyeupe chini ya vitabu vizito siku mbili tatu zinyooke.

Arobaini na tisa zilitoka salama. Tatu zilipoteza rangi.

Na zile 11? Chini kabisa ya sanduku kulikuwa na bahasha ya studio, ndani vipande vinne vya negativu, kila kimoja picha sita. Saba kati ya zile 11 zilikuwemo. Babu alikuwemo. Amesimama kwenye maziwa ya Momella, nyuma yake maji yamejaa flamingo, kichwa chake kipo.

Ngarenaro B: Aisee. Hapo kwa babu nimesimama.

Mama Rundugai: Mungu ni mwema. Na hizo nne zisizopatikana?

Stoo Iliyovuja: Hazipo, mama. Watu wote walioonekana humo wameandikwa majina kwenye karatasi kwa kumbukumbu za waliokuwepo, na karatasi imewekwa mahali pa picha.

Fundi Picha Kaloleni: Umefanya kama inavyotakiwa. Naongeza mawili. Maji hayo ni kwa picha zilizosafishwa studio kwa dawa. Zilizochapwa kwa printa ya wino zikiguswa na maji zinageuka mchuzi. La pili: ukikuta rundo limelowa na huna nafasi leo, tenganisha kwa karatasi ya kuokea keki, funga kwenye mfuko, weka kwenye friza. Picha za karatasi zinavumilia baridi, na ukungu unasimama hadi utakapopata muda.

Kijana wa Njiro: Mimi natumia mchele. Unaweka albamu kwenye ndoo ya mchele, unyevu wote unakwisha.

Skani Kwanza: Hapana. Mchele una vumbi la wanga, na wanga unaita mende na fukusi. Tumia vifuko vya silika vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na ubadilishe kabla ya masika, Machi hivi. Vyenye punje za rangi ya chungwa vinakuonyesha vyenyewe vikishiba.

Kijana wa Njiro: Mchele umefanya kazi kwa simu.

Skani Kwanza: Simu hailiwi na mende. Na jambo la naftalini niliseme pia: zile dawa nyeupe za kabatini zisikae na picha wala negativu. Mvuke wake una tabia mbaya na plastiki.

Mzee wa Pasua: Sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Mchwa wa Pasua hawabishi hodi.

Kijana wa Njiro: Sawa kwa mchele. Ila sura zilizofifia ziingizwe kwenye programu ya akili mnemba, zinatoka kama jana.

Fundi Picha Kaloleni: Zinatoka kama jana za mtu mwingine. Ile programu haisafishi uso, inachora uso mpya kwa kukisia. Bibi atapewa macho ambayo hakuwa nayo. Rangi iliyogeuka nyekundu kwenye picha za miaka ya 1970 ni rangi ya samawati-kijani iliyofifia zaidi ya nyingine, hivyo unarekebisha kila rangi peke yake, nyekundu, kijani, bluu, na uso unabaki ule ule. Ukitaka kuchezea, chezea kopi. Faili la asili lisiguswe.

Kijana wa Njiro: Nimeelewa fundi.

Mhifadhi Usa River: Nirudi kwenye kutambua mahali, maana majina ya nyuma ya picha yanakosewa sana. Picha ya gari likiwa chini ndani ya kreta, si Ngurdoto. Ngurdoto unaiangalia kutoka ukingoni, hakuna kushuka. Hiyo ni Ngorongoro. Ukiona simba, vilevile si Ngurdoto. Ukiona mbega weusi wenye mkia mweupe mrefu, nafasi ni kubwa kuwa ni Ngurdoto. Mlima Meru ukionyesha kikoni cha majivu, yaani kilima kidogo kilichochongoka, ndani ya bonde lililofunguka, mpigaji alikuwa upande wa Momella, mashariki. Mjini Arusha kikoni hakionekani.

Kwa miaka: Mnara wa Mwenge ni wa 1977, kwa hiyo picha yake haiwezi kuwa ya 1970 hata mtu akiapa. Namba za gari za T, tarakimu tatu, herufi tatu, ni za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kabla yake ni za TZ. Bango la duka lenye simu ya 0744 au 0748 ni la kabla hazijageuzwa kuwa 0754 na 0784.

Ngarenaro B: Na tarehe ya rangi ya chungwa pembeni ya picha?

Mhifadhi Usa River: Usiiamini peke yake. Betri ikitolewa, kamera inarudi mwaka wa kiwandani.

Kijana wa Njiro: Basi ile picha ya mlima imepigwa Kenya. Kutoka Moshi, Kibo, kile cheupe, iko kushoto na Mawenzi, kilichochongoka, kulia. Kilichochongoka kikiwa kushoto, umesimama Loitokitok.

Mama Rundugai: Bibi kasema Marangu. Bibi alikuwepo.

Kijana wa Njiro: Mlima haudanganyi mama.

Fundi Picha Kaloleni: Wote wawili mko sawa, studio ndiyo iliyokosea. Negativu iliwekwa kinyume wakati wa kusafisha. Binti, ukiwa na negativu, ishike upande unaong'aa ukuangalie: namba za pembeni zikisomeka sawa, hapo ndipo picha iko sawa. Huna negativu? Angalia vifungo vya shati la mwanaume yeyote hapo. Kipande cha juu kinatakiwa kuwa cha upande wake wa kushoto. Kisha soma tena namba ya gari. T ukiigeuza inabaki T. Z ukiigeuza?

Binti wa Sanawari: Inakuwa kama S.

Ngojeni nichukue kioo.

TZ! Namba nzima inasomeka, inaanza na TZ. Vifungo pia viko kinyume. Bibi yuko hapa pembeni ananiambia gari lilikuwa la kukodi na hapo lilikuwa limeishiwa maji kwenye rejeta, ndiyo maana wote wamesimama nje. Naigeuza kwenye kopi, ya asili inabaki ilivyo. Mgongoni niandike na nini, penseli au kalamu?

Mzee wa Pasua: Karatasi za plastiki hazishiki penseli, na kalamu ya kawaida inakwaruza hadi mbele. Andika kwenye bahasha kwanza, ndipo uingize picha. Na uandike habari ya rejeta.

Mama Rundugai: Na ya Chemka iandikwe Hai.