Keki ya dinosaria imenimong'onyokea mkononi, na siku ya kuzaliwa ni Jumamosi

MamaKipande: Wakuu, salaam. Kijana wangu anatimiza miaka mitano Jumamosi na ameshawatangazia wenzake kwamba keki yake ni dinosaria. Si picha ya dinosaria juu ya keki, la. Dinosaria mwenyewe, amesimama, shingo ndefu.

Jana nikajaribu. Nilipika sponji yangu ya siku zote, laini kabisa, nikaiacha ipoe nusu saa, nikashika kisu nichonge mgongo. Ikamong'onyoka kama mchanga. Shingo niliishikiza kwa kijiti, haikumaliza dakika kumi, kichwa kikatumbukia kwenye kikombe changu cha chai. Mtoto alicheka mpaka akakaa chini.

Keki gani inachongeka? Shingo inasimamaje? Na kijani je? Kila nikiongeza rangi, krimu inazidi kuwa uji.

KijikoChaMbao: Pole dada. Sponji ni ya kula, si ya kuchonga. Pima mayai manne na maganda yake, kisha siagi, sukari na unga kila kimoja kiwe na uzito huohuo. Oveni iwe nyuzi 160 za Selsiasi, isizidi, ili isipande kilima katikati. Huchukua karibu saa nzima. Chomeka kijiti, kikitoka kikavu imeiva. Ikishapoa kabisa ifunge kwa nailoni, ilale kwenye friji usiku mzima. Asubuhi chukua kisu chenye meno, punguza kidogokidogo.

Halafu mgongo hauhitaji hata kuchongwa sana. Pika keki ya duara ya sentimita 20, isawazishe juu, ikate nusu mbili. Zibandike pamoja kwa krimu kama kurasa za kitabu, kisha zisimamishe, upande uliokatwa uwe chini. Tayari una mgongo. Mabaki yanatosha mkia na miguu.

MamaKipande: Yaani mimi nilikuwa nachonga mstatili!

Fundi_wa_Usiku: Shingo usiitengeneze kwa keki hata kidogo. Yeyusha mashimelo (zile pipi laini kama sponji) na siagi kidogo, changanya na ule mchele uliotutumka wa kifungua kinywa, finyanga ungali vuguvugu ukizungushia mrija mnene. Mrija utokeze chini, uzame kwenye mwili mpaka uguse ubao. Fanya leo, usingoje Ijumaa, ukauke vizuri. Vijiti vya meno usiviache ndani, mtoto atauma. Miiba ya mgongoni ishikize kwa tambi kavu.

PetePete: Rangi ya maji ndiyo inayokuharibia krimu. Tafuta ya jeli, unaichota kwa ncha ya kijiti tu. Gramu 250 za siagi kwa 500 za sukari ya unga, koroga mpaka ipauke ndipo utie rangi. Ishia kabla hujaridhika, maana ikikaa saa kadhaa inakolea yenyewe.

Nusukilo: Mfunike kwa fondanti, ule unga wa sukari unaosukumwa kama chapati, atang'aa.

KijikoChaMbao: Atang'aa, halafu watoto watambandua ngozi waiache kwenye sahani. Tena fondanti ikitoka kwenye friji inatoa jasho, inanata. Paka krimu nyembamba kwanza ya kushika makombo, friji nusu saa, paka ya pili, kisha bonyeza kwa mgongo wa kijiko na kuvuta. Hayo ndiyo magamba.

Nusukilo: Haya, kwa magamba nimekubali.

MamaKipande: Wakuu, mrejesho. Amesimama! Mguu mmoja mnene kuliko mwenzake, na kijani kilikolea usiku kucha hadi kikakaribia weusi (PetePete ulinionya, sikusikia). Mwenye keki alikataa katakata akatwe kichwa, kwa hiyo tulianzia mkiani. Mpaka sasa nikifungua friji kuna shingo inanitazama.