Packet Tracer, GNS3, Mininet au ns-3: nichague ipi kuiga mwendo wa data kwenye LAN ndogo?

KeboMoja
Habari zenu wakuu. Nataka kuiga mwendo wa data kati ya kompyuta chache kwenye LAN moja (mtandao wa eneo dogo). Naona hizo programu nne za kuiga mtandao zote zinasifiwa. Nahitaji kuamua wiki hii, maana nikichukua GNS3 nahisi itabidi ninunue RAM nyingine. Ipi ni bora? Natanguliza shukrani.

swichi_kuu
Bora kwa kazi gani, mkuu? Kompyuta ngapi? Windows au Linux? RAM uliyonayo ni kiasi gani? Unataka kutazama pakiti (vipande vya data) zikipita au kupima kasi? Bila majibu hayo kila mtu atakutajia anayoipenda yeye.

Mwalimu_Pakiti
Packet Tracer, usihangaike. Naifundishia, na sijaona kingine kinachomfumbua mwanafunzi macho upesi hivyo. Ukiiweka kwenye hali ya simulesheni unaona bahasha ya ARP (swali la "nani ana anwani hii?") ikitoka kompyuta ya kwanza, swichi inaisambaza milango yote iliyobaki, mwenye anwani anajibu peke yake, ndipo ICMP (ujumbe wa ping) inafuata. Bofya bahasha, unaonyeshwa tabaka kwa tabaka. Unachohitaji ni akaunti ya Networking Academy tu, haina malipo.

baiti_kwa_baiti
Kwa kutazama, sawa. Kwa kupima, hapana. Mininet inatumia kernel (kiini cha mfumo) halisi ya Linux, kwa hiyo programu zako unaziendesha humo kama zilivyo. Mstari mmoja tu:

`sudo mn --topo single,6 --link tc,bw=100,delay=2ms`

Tayari una kompyuta 6 na swichi moja. Piga ping, utaona takriban ms 8, si 2, kwa kuwa delay ni ya kila waya: waya wa kuingia kwenye swichi, waya wa kutoka, kisha njia hiyohiyo kurudi. Ping ya kwanza huchelewa zaidi kwa sababu ya ARP.

Utulivu_Kwanza
Namsihi asipime chochote kwenye Mininet kabla hajasoma hili.

Mradi wangu wa mwisho chuoni ulilinganisha njia mbili za kutuma mafaili. Niliunda mashine 20 kwenye laptopu ya kori mbili (viini vya prosesa), tena Mininet yenyewe ikiwa ndani ya mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa ndani ya kompyuta). Nilirudia jaribio mara kumi, nikachora grafu, njia ya kwanza ikashinda waziwazi. Usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha, mwenzangu akaendesha skripti ileile kwenye kompyuta yake ya kori nane. Ikashinda ya pili! Sikulala. Alfajiri ndipo nikaelewa kwamba njia ya pili ilikula prosesa zaidi, kumbe muda wote nilikuwa napima prosesa yangu, si mtandao. Mininet inakwenda na saa ya kawaida. Prosesa ikielemewa, pakiti zinachelewa na wewe unadhani ni waya.

ns-3 ina saa yake ya ndani. Sekunde moja ya mtandao ikihitaji dakika tano kukokotolewa, saa hiyo inasubiri, na jibu linabaki lilelile kwenye mashine yoyote. Niliomba wiki mbili nikaandika kila kitu upya kwa C++.

baiti_kwa_baiti
Pole sana ndugu. Ila mashine 20 kwa kori mbili ni mzigo. Kwa mashine 6 na Mbps 100, fungua `top`, inayoonyesha mzigo wa prosesa, pembeni. Prosesa ikiwa haijajaa, vipimo vinaaminika.

KeboMoja
Samahani kwa kuchelewa. Ni Windows, RAM GB 4, kompyuta 6 na swichi moja. Nataka kujua faili kubwa litachukua muda gani kompyuta tatu zikipakua kutoka kwa seva moja kwa pamoja.

Mwalimu_Pakiti
Basi hapo utapenda kuona pakiti zinavyogongana.

swichi_kuu
Hazigongani, mwalimu. Migongano ilikuwa enzi za habu, kifaa kilichorudia kila ishara kwenye milango yote. Kwenye swichi, kila kebo ikituma na kupokea kwa wakati mmoja, hakuna mgongano, kuna foleni. Kebo ya seva ndiyo inayobana: Mbps 100 zinagawanywa kwa watatu.

Mwalimu_Pakiti
Bado nawaonyesha habu kwanza. Asiyeiona habu haelewi swichi imemsaidia nini.

ruta_zamani
Nami naipenda GNS3: unaendesha IOS yenyewe (mfumo wa ruta za Cisco), unabofya waya na Wireshark, programu ya kutazama pakiti, inafunguka. Lakini lazima uwe na faili halali la IOS, na ukisahau kuweka Idle-PC (mpangilio wa kupumzisha prosesa ruta isipokuwa na kazi) prosesa inafika asilimia 100. Kwa swichi moja usinunue RAM.

KeboMoja
Nimeweka ile mashine pepe ya Mininet kwenye VirtualBox, imekubali. iperf (programu ya kupima kasi) kati ya kompyuta mbili inatoa Mbps 95.6. Nilipopiga hesabu kwa mkono nimepata 94.1: baiti 1448 za data kwa kila 1538 zinazopita kwenye waya. Kwa nini inazidi waya halisi?

baiti_kwa_baiti
Kwa sababu tc, kifaa cha Linux kinachobana kasi ya waya humo, inahesabu 1514 tu. Haijumlishi utangulizi wa fremu, baiti 4 za ukaguzi, wala pengo kati ya fremu. Gawanya 1448 kwa 1514 uone.

Utulivu_Kwanza
Ndiyo maana nasema ns-3. Lakini hebu ziachie kompyuta zote tatu zipakue kwa pamoja, halafu utuwekee hapa matokeo na mzigo wa prosesa.