Nichapishe nakala ngapi za riwaya yangu ya kwanza?

Mwandishi wa Kibokoni:

Asalaam aleikum. Nimekamilisha riwaya yangu ya kwanza ya Kiswahili, yenye kurasa 180 hivi, inayosimulia maisha ya jamaa ya mafundi wa majahazi wa Mji wa Kale. Nimekusudia kuichapisha kwa fedha zangu mwenyewe, kwa kuwa wachapishaji niliowaendea wanapendelea vitabu vya shule. Mpiga chapa mmoja wa hapa Mombasa ameniambia kwamba nikitoa nakala 1,000, gharama ya kila nakala itashuka hadi karibu nusu ya ile ya nakala 150. Akiba yangu inatosha kulipia hizo 1,000, ila haitabaki hata shilingi ya mhariri wala ya kukitangaza kitabu. Je, wenye uzoefu mnanishauri nifuate unafuu huo, au nianze na chache?

Mhariri wa Tudor:

Aleikum salaam, ndugu mwandishi. Mpiga chapa wako hakukudanganya, lakini amekupa hesabu inayomfaa yeye. Katika mtambo wa ofseti gharama kubwa hutangulia: kutengeneza mabamba ya kuchapia na kuutayarisha mtambo hugharimu kiasi kilekile, uchape nakala 100 au 5,000, na ndiyo sababu bei ya kila nakala hushuka kadiri idadi inavyopanda. Mashine za dijitali hazihitaji mabamba, nazo ndizo zinazofaa toleo dogo. Hata hivyo, gharama inayokuhusu wewe ni ya nakala iliyouzwa. Ukichapa 1,000 zikauzwa 200, hizo 200 ndizo zitakazobeba mzigo wa 800 zilizolala.

Mimi ningeanza na mhariri, tena si wa kusahihisha hijai pekee. Ikiwa wahusika wako wanazungumza Kimvita, lahaja ya Mombasa, na usimulizi ni wa Kiswahili sanifu, tafuta mtu anayezimudu zote mbili, asije akawanyoosha watu wa Kibokoni hadi wakasikika kama taarifa ya habari. Kazi hiyo ikiisha, mwombe mpangaji wa kurasa azipunguze hizo 180 ziwe 176, kwa sababu karatasi za ofseti kwa kawaida hukunjwa kwa mafungu ya kurasa 16, na kurasa nne za ziada zaweza kukutoza fungu jingine. Hata ukianza na dijitali, mpangilio huo utakufaa siku utakapohamia ofseti. Nambari ya ISBN, yaani ya kukitambulisha kitabu, hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa, KNLS. Iombe kwa jina lako, usimwachie mpiga chapa aiombe kwa jina lake. Ulizia vilevile kama bei uliyopewa imejumuisha kodi ya VAT ya asilimia 16, ambayo vitabu vilianza kutozwa kwa sheria ya mwaka wa 2013.

Muuza Vitabu, Barabara ya Digo:

Namuunga mkono mhariri, nami naongeza jambo ambalo waandishi wengi hulitambua wakiwa wamekwisha kuchapa. Duka halitakinunua kitabu chako. Litakipokea kwa mali kauli, ulipwe kikishauzwa, na kisipouzwa uje ukichukue. Tuchukue mfano. Kitabu kinauzwa Sh600, nawe umekichapa kwa Sh250. Duka likikata asilimia 35, wewe unapata Sh390, na ukiondoa gharama ya kuchapa unabaki na Sh140, kabla ya nauli ya kukileta na kuja kudai. Ukikiuza mwenyewe kwa M-Pesa, ukampelekea mteja kwa bodaboda au ukakituma kwa basi hadi Malindi au Nairobi naye akalipia usafirishaji, unabaki na Sh350. Sisemi haya kuyapiga vita maduka, kwani nami nakula humo, bali ujue kwamba duka ni mahali pa kuonekana zaidi kuliko mahali pa kupatia faida.

Tena tuko Mombasa. Katoni zilizorundikwa sakafuni, katika chumba kisichopitisha upepo, huota ukungu msimu wa masika, na hakuna msomaji atakayelipa bei kamili kwa kitabu chenye madoa.

Malenga wa Likoni:

Naomba kutofautiana nanyi kidogo. Nakala 150 zaweza kuishia kwa jamaa na majirani kabla msomaji asiyekujua hajakiona kitabu. Ningechapa 300, lakini baada ya kupokea maagizo yaliyokwisha kulipiwa, ili wanunuzi wa kwanza wasaidie kulipia uchapaji. Maagizo hayaji kwa picha ya jalada peke yake. Omba nafasi ya kusoma dondoo redioni, kwa mfano Pwani FM, uandae usomaji pale Swahilipot, kituo cha vijana na sanaa hapa Mombasa, na ikiwezekana uilenge tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ambapo shule na vyombo vya habari hutafuta wa kuzungumza nao. Mashairi ya malenga wa Mombasa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka wa 1840, yalikaa vinywani mwa watu wa Mvita kwa miongo mingi kabla ya kupigwa chapa, na naamini mtu wa Pwani bado hununua kile alichokwisha kukisikia.

Kabla ya hayo yote, soma masharti ya tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka wa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inabeba jina la Safal. Imekuwa ikipokea hata miswada ambayo haijachapishwa. Mwenye riwaya mkononi hana sababu ya kutoipeleka.

Mwandishi wa Kibokoni:

Nawashukuru nyote. Nitamlipa mhariri kwanza, kisha nitakusanya maagizo. Hofu iliyobaki ni hii: nikianza kusambaza sura kwa WhatsApp ili watu waonje, nani atamzuia mtu kuichukua kazi na kuiita yake?

Mhariri wa Tudor:

Hakimiliki huanza pale unapoiandika kazi, na kwa sheria ya Kenya hudumu maisha yako yote na miaka 50 baada ya kifo. Ukiisajili katika Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, unapata cheti kitakachokusaidia kuthibitisha madai yako ukibishiwa, kwa hivyo fanya hivyo kabla ya kusambaza chochote. Sura ya kwanza igawe bure bila woga. Mswada mzima mtumie mhariri peke yake, na muandikiane mkataba unaotaja malipo, muda, na mara ngapi atakurudishia masahihisho kabla ya kudai nyongeza.