Naomba ushauri: nimfundisheje Martin Luther King?

Wakuu, habari zenu. Nafundisha historia sekondari. Wanafunzi wangu wanamjua King, mpigania haki za Weusi wa Marekani, kwa hotuba yake ya Washington ya 1963 tu, na wengine wanaona msimamo wake wa kutorudisha ngumi ni woga. Jambo hili linaniumiza. Nataka waone jinsi Weusi wa Montgomery, mji wa kusini mwa Marekani, walivyogomea mabasi yenye ubaguzi siku 381, wakienda kazini kwa miguu. Januari 1956 nyumba ya King, aliyeongoza mgomo huo, ilipigwa bomu, mkewe na mtoto wao mchanga wakiwa ndani. King akasimama barazani akiwasihi watu waliofika na silaha warudi makwao. Huo ni woga kweli?

Nianzie hapo, au Memphis 1968, alikouawa alipokwenda kuwaunga mkono wazoa taka waliogoma? Waliowahi kufundisha mada hii, naombeni mnisaidie.