Darasa la sita: kimo wanakichanganya na upande wa mshazari, nifanyeje?

Mwl_Uyole
Walimu, habari za jioni. Naomba msaada kwenye mada ya eneo. Mraba na mstatili watoto wanafanya vizuri, ila tukifika kwenye msambamba, lile umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ni sambamba, mambo yanaharibika. Nikichora wenye kitako sm 8, upande wa mshazari sm 5 na kimo sm 4, wengi wananiletea 8 × 5 = 40. Kanuni wanaiimba, "kitako mara kimo", lakini namba wanachukua ya ubavuni. Pembetatu yenye pembe butu ndiyo kabisa, kimo wanakichora kiishie popote. Nianzie wapi?

Chaki_Iringa
Kamwene mwalimu. Mstatili ndio uliowazoesha vibaya. Pale kimo ni upande wenyewe, kwa hiyo mtoto ameshika "zidisha pande mbili" na siku zote anapata tiki. Inabidi aone kwa macho pande zikibaki zilezile huku eneo linapungua.

Kata fito nne za mianzi, mbili za sm 32 na mbili za sm 22. Toboa kila moja sm 1 kutoka kila ncha, ili tundu hadi tundu ubaki na 30 na 20. Ukipima ncha hadi ncha hesabu hazitakubali. Funga kwa uzi, usikaze sana, kona zicheze. Ikisimama wima ni mstatili: 30 × 20, sm za mraba 600. Shikilia kitako palepale mezani, sukuma ufito wa juu sm 12 kwenda pembeni, kisha pima wima kati ya fito mbili ndefu: sm 16. Eneo sasa ni 480. Mzingo bado sm 100, hakuna ufito uliokatwa, lakini sm za mraba 120 hazipo. Laza zaidi mpaka fito zikaribie kulaliana, uwaulize 600 imekwenda wapi. Waache wabishane kwanza. Neno "kimo" lije baada ya ubishi huo.

Ndipo mkate karatasi. Msambamba wako ukiegemea kulia, shusha mstari wima kutoka kona ya juu kushoto. Inatoka pembetatu ya 3, 4 na 5. Isukumwe kulia bila kugeuzwa, mnapata mstatili wa 8 × 4. Wanaokwama hapa ni wale wanaoigeuza.

Mama_Hesabu
Naongezea pembe butu. Kona ya daftari inatosha: ukingo mmoja ulale kwenye mstari wa kitako, sukuma hadi ukingo wa pili uguse kona ya juu. Daftari likivuka mwisho wa kitako, refusha kitako kwa nukta nukta. Usitumie mstari mzito, maana mtoto ataupima pamoja na kitako. Kitako sm 6, sehemu ya nukta nukta sm 2, kimo sm 4: jibu ni 12. Akikuletea 16, ujue amezihesabu nukta. Na tafadhali, siku nyingine chora kitako kikiwa kimeinama ubaoni, wasidhani kitako lazima kiwe chini.

Mpimaji_Mafinga
Mkimaliza, tokeni na kamba. Shamba la pembe nne zisizolingana: vuta ulalo mmoja, yaani kamba kutoka kona moja hadi kona inayoitazama, tuseme m 60, kisha pima vimo kutoka kona mbili zilizobaki, m 25 na m 35. Vimo jumla ni 60, kwa hiyo nusu ya 60 mara 60, m za mraba 1,800. Ile njia ya kutafuta wastani wa pande zinazotazamana na kuzidisha hutoa eneo kubwa kuliko halisi kila shamba lisipokuwa mstatili, na watu wanauziana mashamba kwa hesabu hiyo.

Huku kwetu milimani kamba ishikwe usawa, isifuate ardhi. Mteremko wa m 25 unaoshuka m 7 unahesabiwa m 24.

Na eka ya "70 kwa 70" ni hatua, kila moja kama sm 91. Mtoto akiweka mita anapata 4,900, wakati eka ni kama 4,047.

Mwl_Uyole
Asanteni sana. Trapeza, yaani umbo la pande nne lenye pande mbili tu sambamba, ije kabla ya pembetatu au baada?

Chaki_Iringa
Baada. Ulalo mmoja unaigawa pembetatu mbili zenye kimo kilekile. Pande sambamba 10 na 6, kimo 4: 20 na 12, jumla 32. Kanuni wataiunda wenyewe.