Gando kwenye mshipa wa shingo: je, linaeleza lolote kuhusu moyo?

Mkazi wa Chumbageni:
Habari zenu wanajukwaa. Nina umri wa miaka 56, natumia dawa za shinikizo la damu, na marehemu baba yangu alifariki kwa kiharusi. Hivi karibuni nilipimwa altrasaundi ya mishipa ya shingo, ingawa sina dalili yoyote. Ripoti inasema kwamba upande wa kushoto, pale mshipa wa karotidi unapogawanyika, kuna plaki, yaani gando kwenye ukuta wa mshipa, yenye unene wa milimita 2.1, na kwamba mshipa umebanwa kwa chini ya asilimia 50. Daktari ameniandikia atorvastatini. Shemeji yangu anasisitiza kwamba gando hilo linaweza kumeguka wakati wowote, hivyo nitafute upasuaji. Ikiwa damu inapita vizuri, dawa ni ya nini? Na shingo inahusianaje na moyo?

Mpimaji:
Pole kwa wasiwasi, mzee wangu. Mimi hufanya vipimo hivi, kwa hiyo nitaeleza namba tu. Tiba nawaachia madaktari. Asilimia inaonyesha njia ya damu imebanwa kiasi gani, nasi huikadiria zaidi kwa kasi ya damu: plaki ikionekana lakini kasi ya juu kabisa haijafika sentimita 125 kwa sekunde, huandikwa chini ya 50. Milimita zinahusu gando lenyewe. Kwa makubaliano ya wataalamu yanayoitwa ya Mannheim, sehemu ya ukuta yenye unene unaozidi milimita 1.5 huhesabiwa kuwa plaki, kwa hiyo yako ni plaki bila ubishi. Ningependa ripoti iwe imetaja pia sura yake, kwa sababu plaki inayoonekana nyeusi kwenye skrini, ambayo mara nyingi ina mafuta mengi, huogopwa kuliko ile nyeupe yenye chokaa inayotupa kivuli nyuma yake.

Daktari wa magonjwa ya ndani:
Nianze na upasuaji, maana ndio unaokunyima usingizi. Wanaonufaika nao waziwazi ni wale ambao tayari wamepata kiharusi au dalili zake za kupita, na mshipa wa upande unaohusika umebanwa kwa asilimia 70 au zaidi. Wewe haumo.

Kuhusu dawa, gando linapoota, mshipa hutanuka kwanza kwa nje, na ndiyo sababu damu inaweza kupita vizuri kwa miaka mingi huku ukuta ukiendelea kuharibika. Ugonjwa huu pia haukai mahali pamoja. Mishipa ya moyo imejificha kifuani na hutikisika kwa kila pigo, ilhali karotidi iko karibu na ngozi na hupimika bila mionzi. Plaki ikionekana shingoni, uwezekano wa kuwapo nyingine kwenye moyo huongezeka. Atorvastatini unayopewa, ambayo ni dawa ya kushusha lehemu ya kundi la statini, inalinda mishipa yote, wala si kwa ajili ya shingo pekee.

Tusichanganye plaki na unene wa kawaida wa ukuta. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliojumuisha watu 45,828, ulionyesha kwamba katika kukadiria nani atapata mshtuko wa moyo au kiharusi, kupima unene huo huongeza kidogo mno juu ya kile kinachojulikana tayari kwa umri, shinikizo, lehemu na uvutaji sigara, na mwaka uliofuata mwongozo wa Marekani ukashauri usipimwe kwa kazi hiyo. Plaki ina uzito zaidi: mwongozo wa Ulaya wa 2021 unaikubali katika kukadiria hatari hiyo pale ambapo kipimo cha chokaa ya mishipa ya moyo kwa CT (mashine ya picha za mionzi) hakipatikani, na kwetu hiyo ndiyo hali ya hospitali nyingi.

Msomaji wa Nairobi:
Kwa heshima, Daktari, tusiwafungulie watu mlango wa kupima shingo ovyo. Jopo la kinga la Marekani lilirudia mwaka 2021 kwamba wasio na dalili wasichunguzwe kutafuta mishipa iliyobanwa, kwa kuwa madhara yanazidi faida. Chati za WHO za 2019 za kukadiria hatari ya magonjwa ya moyo na kiharusi, zilizo na ukurasa wa Afrika Mashariki, zinaweza kutumika hata bila maabara. Hata hivyo nakubali kwamba picha ina nguvu yake: huko Västerbotten, Sweden, watu walioonyeshwa picha za mishipa yao wenyewe walikuwa na makadirio ya hatari hiyo yaliyo madogo zaidi baada ya mwaka mmoja kuliko wenzao ambao hawakuonyeshwa.

Mkazi wa Chumbageni:
Nashukuru sana. Nirudie kipimo baada ya miezi sita? Na mke wangu naye apimwe?

Daktari wa magonjwa ya ndani:
Hapana kwa yote mawili, kwa sasa. Mabadiliko ya miezi sita ni madogo kuliko tofauti inayoweza kutokea mikononi mwa wapimaji wawili, kwa hiyo fedha hiyo itumie kupima lehemu ya LDL, ile inayoitwa mbaya, miezi miwili au mitatu baada ya kuanza dawa. Mama aanze na shinikizo, sukari na chati iliyotajwa. Shingo itafaa tu ikiwa tutabaki na shaka kama aanze dawa au la. Ukiona ghafla upande mmoja wa mwili umelegea, ulimi unakuwa mzito au jicho moja limefifia, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama hali imetulia yenyewe.