Mjadala: Unaiti wa baba mdogo, msalaba wa nani? Je, wasiotambuliwa na Vatikani wasimikwe kanisani?

MLETA MADA

Wakuu, salamu. Jambo hili limeigawa familia yetu, nalileta hapa tulichambue.

Baba yangu mdogo ni mstaafu, mtu wa kanisani tangu utoto. Mwaka huu amepata "unaiti", yaani cheo cha heshima cha askari farasi. Kuna watu walimtafuta kwa WhatsApp wakamwambia wao ni Watempla, wale askari farasi watawa wa enzi za Vita vya Msalaba, na kwamba shirika lao halijawahi kukatika tangu Yerusalemu. Akalipa. Ameletewa cheti chenye muhuri wa nta, joho jeupe lenye msalaba mwekundu begani, na nishani ya kuning'iniza shingoni. Sasa anataka siku ya jubilei ya ndoa yake aingie na joho hilo kwenye Misa, na mkubwa wao aje kumsimika mbele ya altare kwa upanga. Paroko ameomba muda. Shangazi anasema ni heshima ya ukoo, tusimharibie mzee siku yake. Mimi nasema tumepigwa.

Swali langu: mashirika haya ambayo Vatikani haiyatambui yametokea wapi hasa, na parokia iyafungulie mlango au iyafungie?

MPEKUZI WA HISTORIA

Mkuu, nianze na hao Watempla, maana ndio wanaouzwa kuliko wote.

Kwamba walikuwepo, hilo halina ubishi. Walianza Yerusalemu mnamo 1119 chini ya Hugues de Payens, mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Troyes ukawakubali 1129. Lakini Oktoba 13, 1307 mfalme wa Ufaransa, Filipo wa IV, ambaye hazina yake ilikuwa taabani, aliwakamata. Mwaka 1312 Papa Klementi wa V akalifuta shirika, mali zake nyingi zikapewa Wahospitali, shirika jingine la watawa askari, ambao leo ndio Shirika la Malta. Machi 1314 mkuu wao wa mwisho, Jacques de Molay, akachomwa moto Paris. Kamba ilikatikia hapo.

Nani aliiunga? Mwanzoni mwa karne ya 19 daktari mmoja wa Paris, Bernard-Raymond Fabré-Palaprat, alijitokeza na hati. Ilidai kwamba de Molay kabla ya kufa alimrithisha madaraka mtu aitwaye Larmenius, huyo akaandika hati mwaka 1324, na kila mkuu wa siri aliyefuata akatia sahihi chini yake. Wanahistoria walio wengi wanaiona kuwa ya kughushi. Mashirika ya Kitempla ya leo ni mengi na yanagombana yenyewe kwa yenyewe, lakini ukiyafuata nyuma, mengi yanaishia kwa daktari huyo. Na cha kuchekesha: Fabré-Palaprat baadaye alianzisha kanisa lake mwenyewe. Yaani mzee anataka kuingia Misa ya Kikatoliki na joho lililoshonwa na mtu aliyejitungia kanisa.

Mkuu, kiangalie hicho cheti. Ukiona jina Larmenius, umeshamaliza kazi.

Warithi wa kweli, wakiwepo, wako Ureno. Mfalme Dinis hakutaka mali za Watempla ziondoke nchini mwake, akamwomba Papa Yohane wa XXII shirika jipya, na 1319 likaanzishwa Shirika la Kristo. Alama yake ni msalaba mwekundu wenye msalaba mweupe ndani yake. Lakini hilo pia ni shirika jipya lililopewa hati mpya. Hakuna aliyedai kwamba lile la zamani halikufa.

DADA WA MALINDI

Kaka, msalaba wa Ureno umeugusa ukapita mbio. Huku kwetu haukuja begani mwa joho, ulikuja kwenye matanga. Mwanamfalme Henrique alipewa usimamizi wa Shirika la Kristo tangu 1420, na fedha za shirika zikaingia kwenye safari za baharini. Ndiyo maana matanga ya merikebu za Ureno yalichorwa msalaba ule. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi 1498 watu walimpokea. Miaka saba baadaye, 1505, akaja Francisco de Almeida, akaipora Kilwa na Mombasa ikachomwa.

Mimi ni Mwislamu, jubilei za majirani zangu Wakristo nahudhuria na pilau napika. Sisemi mzee asivae. Nasema alama hii ina kumbukumbu pwani hii, na huyo aliyemuuzia hakumwambia.

NAITI WA KIJANI

Nimewasoma kwa utulivu ingawa mmenigusa. Mimi ni Mkongo, naishi Ulaya, na ni mwanachama wa Shirika la Mtakatifu Lazaro. Vatikani haitutambui, najua, wala sijawahi kumficha mtu.

Msituweke kapu moja na wauza majoho. Shirika letu lilianza karne ya 12 katika hospitali ya wakoma nje ya kuta za Yerusalemu. Naiti wa shirika jingine akipata ukoma aliweza kuhamia kwetu. Mwaka 1244, kwenye vita vya La Forbie karibu na Gaza, ndugu wakoma waliokwenda kupigana waliuawa wote. Kabla ya hapo, 1154, mfalme Louis wa VII alikuwa ametupatia ardhi ya Boigny kule Ufaransa. Leo tunachangia hospitali na wagonjwa. Mchango ninaotoa haunipi utajiri, unanipunguzia.

Nanyi jibuni hili. Msalaba mweupe wenye ncha nane mnaouona kwa watoa huduma ya kwanza wa St John Ambulance kwenye viwanja vya Kenya, historia yake mnaijua? Baada ya 1814 kikundi cha manaiti Wafaransa kilijipa madaraka ya kusema kwa niaba ya Shirika la Malta, kikaanza kuandikisha Waingereza, tena Waprotestanti. Mwaka 1858 wakuu wa Malta kule Roma waliwakataa. Wao wakaendelea na kazi: huduma ya kwanza 1877, hospitali ya macho Yerusalemu 1882. Mwaka 1888 Malkia Victoria akawapa hati. Shirika lililojianzisha leo linaheshimiwa dunia nzima. Kama kujianzisha ni dhambi ya asili, mbona hao wamebatizwa?

MPEKUZI WA HISTORIA

Ndugu yangu, hapo umeniweza kidogo, na nakubali: mfano huo ni mzuri kuliko wowote nilioona kwenye mada hii. Lakini usome mwisho wake. Hawakuhalalishwa na umri wa msalaba. Walihalalishwa siku mwenye mamlaka aliposema "hawa ni wangu, nawawajibikia". Hati ni ya 1888, na rasmi wanahesabu kutoka hapo.

Lazaro wa wakoma ninamvulia kofia. Ila tuutembee uzi wote. Mwaka 1489 Papa Innosenti wa VIII aliliunganisha shirika na Wahospitali, Wafaransa wakakaidi. Mwaka 1572 Gregori wa XIII akaliunganisha tawi la Italia na shirika la Mtakatifu Mauritsi chini ya ukoo wa Savoy. Tawi la Ufaransa Henri wa IV akaliunganisha 1608 na la Mama Yetu wa Mlima Karmeli. Mapinduzi ya Ufaransa yakalifuta 1791, na baada ya 1830 mfalme akaacha kulilinda. Ninyi mnasema Patriarki wa Wamelkiti (Wakatoliki wa Mashariki ya Kati) alilichukua chini ya ulinzi wake mnamo 1841. Karatasi iko wapi? Kinachoonekana wazi ni kikundi kilichoundwa Paris 1910. Gazeti la Vatikani, L'Osservatore Romano, lilikuwa linaonya tangu miaka ya 1930.

Na msalaba wenu wa kijani wenye ncha nane, wakoma wa Yerusalemu hawakuuvaa katika umbo hilo. Ncha nane ziliingia baadaye sana, kwa kuiga Malta.

Nisionekane napendelea wakubwa. Shirika la Kaburi Takatifu, ambalo Vatikani inalitambua na kulilinda, nalo limezoea kujihesabu kutoka Godfrey wa Bouillon, mmoja wa viongozi wa Vita vya Msalaba, 1099. Ushahidi wa watu kusimikwa unaiti pale kaburini ni wa karne ya 14, kwa mahujaji, na umbo la sasa lilitengenezwa na Papa Pio wa IX, 1847 na 1868. Misalaba yao mitano myekundu ni mizuri, hadithi ya Godfrey ni hadithi. Kila mtu ana babu wa kubuni.

MWANAFUNZI WA SHERIA ZA KANISA

Kwa paroko swali ni jepesi kuliko mnavyolifanya. Oktoba 16, 2012 Sekretarieti ya Vatikani ilitoa tamko. Mashirika inayoyatambua ni matano ya Papa mwenyewe: la Kristo, la Golden Spur (chuma cha dhahabu cha kisiginoni cha kumchochea farasi), la Pio wa IX, la Gregori Mkuu na la Silvesta, kisha Malta na Kaburi Takatifu. Mengine yote, yawe ya jana au yadai ya zama za kati, haiyatambui, haitoi dhamana ya historia yao, vyeti na nishani zao havina thamani yoyote kwake, na haiafiki makanisa kutumika kwa kusimika watu. Hilo la mwisho ndilo linalomhusu mzee.

Sasa tusivuke mpaka. Tamko halisemi Mkatoliki akiwa mwanachama ametenda dhambi. Waumini wana haki ya kuunda vyama, kanuni ya 215. Ila kanuni ya 300 inasema chama kisijiite "Katoliki" bila idhini ya mamlaka ya Kanisa. Kule Nigeria kuna Manaiti wa Mtakatifu Mulumba, walianza Onitsha 1953 kwa jina la shahidi wetu wa Uganda, na maaskofu wanawajua na wanafanya nao kazi. Hawamo kwenye orodha ile ya saba, wala hawadai kutoka Yerusalemu. Ni chama cha walei chenye mapanga na manyoya kofiani, basi. Naiti wa Kijani, shirika lenu lingejieleza hivyo, nusu ya ugomvi ingeisha.

(Kwa faida ya jukwaa: lile la Kristo la Papa, la juu kuliko yote katika orodha, halina mtu hai. Wa mwisho alikuwa mfalme Baudouin wa Ubelgiji, aliyefariki 1993.)

NAITI WA KIJANI

Chama cha walei nakikubali. Kuitwa feki sikubali. Mtu aliyetibiwa haulizi hati ya 1841.

KATEKISTA MSTAAFU

Wanangu, nimefundisha katekisimu Nyanza miaka mingi. Kuna Legio ya Maria ya parokiani, iliyoanza Dublin 1921, na kuna kanisa la Legio Maria lililojitenga miaka ya 1960. Rozari ni ileile. Mgeni akiingia kijijini hawezi kuwatofautisha kwa macho, na hakuna aliye mjinga kwa hilo. Ndiyo maana tunauliza, "Askofu wenu nani?" Muulizeni hivyo mwenye upanga. Ila mzee msimwaibishe mbele ya wajukuu.

MLETA MADA

Wakuu, mrejesho. Nimekiangalia cheti. Larmenius yupo, mstari wa pili, kwa wino wa dhahabu.

Paroko amesoma tamko la 2012 na amejibu: kusimikwa kanisani hapana, ukumbini baada ya Misa hayamhusu. Shangazi amenuna. Kuhusu joho hajatoa neno, na hapo ndipo familia imekwama: baba mdogo anasema suti naye ameinunua kwa pesa yake, mbona hakuna anayemuuliza suti inatoka wapi. Niliwatumia wale watu swali la katekista. Tiki za bluu zimeonekana tangu juzi.

Mnaosema avae bila kusimikwa, na mnaosema liachwe nyumbani, endeleeni. Jubilei ni Jumamosi ijayo.